Duluti, Rau au Chala: baiskeli yako ya milimani uipeleke wapi?

Muulize mtu wa Arusha pa kuendesha baiskeli ya milimani, atakutajia Duluti kabla hujamaliza swali. Mtu wa Moshi atasema Rau, kisha atanyamaza kidogo na kuongeza Chala, kwa sauti ya mtu aliyebakiza turufu mkononi. Wote wana haki ya kujisifu. Shida ni kwamba wanakupa picha tu: ziwa la kijani, mvule mrefu, maji ya buluu chini ya genge. Kwa picha, sehemu zote tatu zinashinda.

Ukiwa na pedali chini ya mguu unataka kujua mambo mawili kabla ya mandhari. Utakanyaga udongo gani? Na kurudi nyumbani kukoje? Hapo ndipo Duluti, Rau na Chala zinapoachana. Namlenga mtu anayekaa Arusha au Moshi, mwenye baiskeli ya mtumba ambayo gia zake zinashika, breki nzima, na matairi bado yana meno. Mwenye baiskeli ya shokapu mbili iliyotoka Ulaya juzi atanielewa pia, ila ateremke kidogo kwenye maringo.

Duluti: ziwa la kutazama, mashamba ya kuendeshea

Duluti ni ziwa la kreta karibu na Tengeru, kama kilomita 14 mashariki ya Arusha mjini. Hakuna mto unaouona ukiingia. Maji yanatoka chini ya ardhi. Ziwa lenyewe ni dogo, hekta sitini na kidogo, na msitu unaolizunguka ni ukanda mwembamba ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unalipa kiingilio langoni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakikisha simu yako ina salio na chaji.

Wengi hufika hapa wakidhani watazunguka ziwa kwa baiskeli, raundi baada ya raundi. Njia ya kandokando ya maji ni ya miguu. Ni nyembamba, mizizi imetokeza, kona hazikuonyeshi nani anakuja, na mwisho wa wiki kuna wanafunzi, wachumba, na watu wa ndege na darubini zao. Uliza langoni kabla ya kuingiza gurudumu, na ukiruhusiwa, shuka usukume penye watu. Hata hivyo hupotezi kitu: tai samaki na mdiria hawaonekani na mtu anayekodolea gurudumu la mbele, na kenge anayeota jua kwenye gogo humwoni mpaka umeshampita. Duluti unaitembea kwa miguu au unapanda mtumbwi. Baiskeli ifungie langoni.

Utamu wa baiskeli uko nje ya msitu. Kuna barabara za udongo katikati ya mashamba ya kahawa, kuna upande wa Nambala kilipo chuo cha Nelson Mandela, na kwa mwenye mapafu kuna njia za kupanda kuelekea Akheri na Nkoaranga kwenye miguu ya Meru. Huko juu ni migomba, kahawa, mabanda ya ng'ombe na vijia vinavyopita nyuma ya nyumba za watu. Unasalimia kila baada ya mita mia, na usiposalimia utasikia maneno yako mgongoni. "Shikamoo mama" ikitoka mapema, hata njia iliyofungwa kwa mti wa kuzuia ng'ombe itafunguliwa.

Udongo wa huku ni wa volkano, mwekundu, na una tabia mbili. Kiangazi huwa vumbi jembamba linaloficha mawe. Gurudumu la mbele linateleza kwenye kona bila kukuonya. Mvua ikinyesha saa moja tu, udongo uleule unajaza meno ya tairi na unakuwa umepanda matairi ya kipara. Nakushauri ushuke kutoka Nkoaranga ukiwa umeshusha upepo kidogo kwenye matairi, hasa la mbele, na vidole viwili vikiwa juu ya breki muda wote. Breki za rimu zikilowa hazikusikii haraka. Za diski zina nafuu.

Kurudi Arusha ndiko kunakopunguza alama. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko karibu 1,290. Asubuhi unateremka bila kujua. Mchana unapanda ukijua. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru imeleta nafasi, lakini imeleta na mwendo, na sioni raha ya kumaliza siku nikishindana na mabasi yanayotoka Moshi. Panda Hiace, lipa nauli ya baiskeli bila kubishana sana na konda, uifunge juu ya keria kwa mpira wako mwenyewe. Kamba za konda huwa fupi.

Jambo la ziada kuhusu siku. Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi. Kama unapenda kusukuma baiskeli katikati ya mikungu ya ndizi na wanawake wanaojua bei kuliko wewe, nenda siku hizo. Kama unataka kuendesha, chagua Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani. Na ukipita Tengeru tenga nusu saa ya makaburi ya Wapoland. Mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walianza kuwekwa hapa wakati wa vita; waliofia huku wamelala kwenye eneo lililozungushiwa ukuta, na wapita njia wengi hawajui kama lipo.

Rau: karibu na mji, mbali na kelele

Kama ningelazimika kubaki na moja tu kati ya hizi tatu, ingekuwa Rau.

Msitu wa Rau uko kama kilomita 3 kusini-mashariki ya Moshi mjini, una ukubwa wa karibu hekta 570, na ukishaingia husikii honi. Mgeni hudhani umestawi kwa mvua. Tambarare ya Moshi haina mvua ya kulisha miti ya kimo kile. Unanyweshwa na maji ya Kilimanjaro yanayopita chini ya ardhi na kuibuka huku bondeni, ndiyo maana kiangazi kikiwa kikali na nyasi za barabarani zimekauka, ndani ya Rau bado kuna kijani kibichi. Kuna mivule ambayo watu wanne hawawezi kuishika kwa kuungana mikono. Kuna msoo, mti adimu ambao hupatikana sehemu chache sana. Juu yake mbega wanaruka na mikia yao meupe, na kima wanakutazama kana kwamba hujalipa kiingilio. Kilipe, huku nako ni TFS.

Maji hayo hayo ndiyo yanayoamua safari yako. Chini ya kivuli udongo ni mweusi, laini, una unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo tairi linashika vizuri na ukianguka huumii sana. Ardhi ni tambarare. Hakuna mteremko wa kukutoa roho, hakuna kilima cha kukutoa machozi. Kuna mizizi, magogo yaliyoanguka, vijito vya kuruka na kona za kubana. Hapa ndipo pa kumfundisha mtoto wa miaka kumi na miwili jinsi ya kuinua gurudumu la mbele juu ya mzizi, na hapa ndipo mtu mzima anapogundua kwamba kwenda polepole kwenye njia nyembamba ni kazi kuliko kwenda kasi barabarani. Wanaotaka kuhesabu kilomita watachoka mapema kwa kuchoshwa. Wanaotaka kujifunza baiskeli, hapa ni darasani.

Ukitoka msituni upande wa kusini unaingia kwenye nchi nyingine kabisa: majaruba ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na mifereji yake inapita Mabogini, Oria, Chekereni na vijiji jirani. Barabara za kandokando ya mifereji mikubwa ni nzuri mno kwa baiskeli: zimenyooka, zina changarawe, mbele yako kuna nyangenyange weupe na, asubuhi mapema, Kilimanjaro nzima nyuma ya bega. Mapema maana yake kabla ya saa tatu. Baadaye mlima unajifunika, na wapiga picha wanaolala hadi jua kali wajilaumu wenyewe.

Sasa, adabu. Barabara ya mfereji ni ya wote, tuta la jaruba ni la mwenye jaruba. Tuta likibomoka kwa tairi lako, maji yanahama kwenda kwa jirani, na ugomvi wa maji huko ni mkubwa kuliko wa mipaka ya shamba. Nimeona watu wakisimama katikati ya tuta kupiga picha huku mzee mmoja akiwaita kwa upole, "Wajukuu zangu, shukeni hapo, nimelijenga kwa mgongo huu." Shuka. Tena usiingie mferejini pekupeku kuosha baiskeli, hata maji yakionekana safi: konokono wa kichocho wanapenda mifereji ya mpunga, na mbu wa jioni wanapenda vifundo vya miguu. Osha baiskeli nyumbani.

Kurudi Moshi ni kupanda, lakini ni kupanda kwa kistaarabu. Hakuna mahali utakapolazimika kushuka. Mtu mwenye gia tatu tu zinazofanya kazi anafika. Njiani kuna mafundi wa baiskeli kila kijiji, kwa sababu huku baiskeli bado ni chombo cha kazi, inabeba majani ya ng'ombe na magunia ya mpunga, na fundi anayerekebisha baiskeli ya kubebea gunia hawezi kushindwa na mnyororo wako. Ila asiyejua breki za mafuta asiziguse. Mwambie kwa heshima, atakushukuru.

Siri moja ya Rau: mtu mmoja wa kijijini anayejua njia anakuokolea nusu siku. Vijia vinagawanyika, vinakutana, vingine vinaishia kwenye tope. Kuna vijana wa Rau wanaoongoza wageni. Mtanzania akienda mwenyewe huona aibu kulipa kiongozi nyumbani kwao, akaishia kuzunguka mvule uleule mara tatu.

Chala: kwa wenye miguu, maji na viraka

Chala ni kitu kingine. Ni ziwa la kreta mpakani, nusu Tanzania nusu Kenya, kwenye upande mkavu wa mashariki ya Kilimanjaro, wilayani Rombo. Lina kilomita za mraba 4 na kidogo na kina cha zaidi ya mita 90, na kuta zake zinasimama karibu mita 100 juu ya maji. Hakuna mto unaoingia. Ni Kilimanjaro tena, kwa njia ya chini. Rangi hubadilika, buluu leo, kijani mwezi mwingine. Perege wa ziwa hili wana jamii yao isiyopatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Unafika ukingoni ghafla: unaendesha kwenye kichaka kikavu, kisha mbele yako ardhi inaisha.

Kutoka Moshi ni kama kilomita 50. Zaidi ya nusu ni lami ya Moshi kwenda Himo na kuelekea Holili, barabara ya malori ya mpakani, na bega la barabara kuna mahali ni la kujifikirisha. Nakushauri usiendeshe kipande hicho. Wekeni baiskeli kwenye gari hadi Himo au mbele yake, mchangie mafuta, muanzie pale mnapoacha lami na kuingia barabara ya vumbi kuelekea kaskazini. Mwenye kutaka kusema "nilitoka Moshi kwa pedali" atasema, lakini nguvu alizoacha kwenye moshi wa malori angezihitaji baadaye.

Ardhi ya Chala ni mawe, changarawe na miiba. Mbigili wako kila mahali, na mwiba wa mgunga unapita tairi bila kupiga hodi. Rau unaweza kusahau pampu na usijute. Chala ukisahau pampu unalala njiani. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi ambayo haijakauka, na vyuma vya kutolea tairi. Kama matairi yako yanatumia maji ya kuziba badala ya tyubu, haya ndiyo mazingira ambayo utajua kwa nini uliyanunua. Kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kidole ndani ya tairi polepole. Mwiba uliobaki utakutoboa tena kabla ya kilomita moja.

Maji ya kunywa ni suala la kwanza, si la pili. Kivuli ni kidogo, joto la Januari na Februari halina huruma, na maduka ni machache. Lita tatu kwa mtu mmoja si nyingi. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwe mmefika ukingoni kabla ya saa nne.

Kushuka hadi majini ni kwa miguu, njia kali yenye mawe. Baiskeli ibaki juu. Na ukishafika chini, usiogelee. Maji yanavutia, na utakutana na mtu atakayekuambia mamba walikwisha zamani. Mwaka 2002 kijana wa Uingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili. Hilo linatosha kwangu. Kuhusu tembo: ukanda huu unapakana na nyika ya Tsavo, na tembo hupita. Waulize wenyeji asubuhi ileile, "Wamepita wapi jana?" Jibu likiwa na kusitasita, ahirisha. Baiskeli haina honi ya kumtisha tembo, na mbio zako kwenye changarawe si mbio. Beba kitambulisho pia, maana mpaka hauna uzio na huna sababu ya kuwaeleza askari ulifikaje upande wa pili.

Kurudi kutoka Chala hakuna kilima kimoja kikubwa cha kulaumu. Kuna vilima vidogo visivyokwisha, jua la saa saba, na mabonde kila unapodhani umemaliza. Watu wengi hawachoki wakienda, wanachokea hapa.

Mvua zinapopindua matokeo

Kama ungeniuliza mwezi wa Agosti ningekupangia hivi: Rau kwa wanaoanza, Duluti kwa kundi lenye watu wasioendesha, Chala kwa walioiva. Nuksani ya mpango huo ni masika.

Kuanzia Machi hadi Mei, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru inapata mvua nyingi sana. Vijia vya Akheri na Nkoaranga vinageuka utelezi, na baiskeli ikipita inachimba mkondo ambao maji yataukuza kuwa korongo mbele ya mlango wa mtu. Rau inajaa tope linaloziba uma wa mbele mpaka gurudumu halizunguki. Majaruba nayo yako kwenye kazi. Huko hutakiwi kuwepo. Chala, iliyoonekana ngumu kuliko zote, ndiyo inayobaki inapitika: mvua ya upande ule ni kidogo, mawe hayashiki maji, na kichaka kikipata majani hata kivuli kinaongezeka. Mwanzo wa Juni ni mzuri zaidi, vumbi halijaamka na joto limepungua. Baada ya mvua za vuli, Novemba na Desemba, hali inakaribia kufanana, ingawa vuli ina siku nyingi kavu katikati na Rau hukauka kwa kiasi ndani ya siku chache. Msituni baada ya mvua angalia siafu kabla ya kusimama kuziba pancha. Ukisimama kwanza ndipo uangalie, umechelewa.

Ukiwa na kundi

Familia yenye watoto na bibi mmoja: Duluti, bila mjadala. Bibi atakaa kivulini ziwani na chupa ya chai, watoto watapanda mtumbwi wakiwa wamevaa maboya, na nyinyi wenye baiskeli mtatokomea kwenye kahawa kwa saa mbili. Rau haina pa kumwacha mtu asiyeendesha, na Chala si ya bibi labda yeye mwenyewe ndiye anayeendesha.

Mwanamke anayetaka kuanza peke yake, wengi huniambia wanajisikia vizuri zaidi kwenye barabara za mifereji ya Mabogini kuliko kwenye vijia vya msitu, kwa sababu shambani kuna watu muda wote na unaonekana kutoka mbali. Hilo ni la kuzingatia kuliko mandhari yoyote. Na jiandae: ukivaa kofia ngumu na miwani, watoto watakupigia kelele "mzungu!" hata kama umezaliwa Kibosho na unawajibu kwa Kichagga.

Asiyetosheka na tatu hizi ana pengine pa kwenda. Kwenye tambarare kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi kupita upande wa mashamba ya miwa ya TPC: barabara ndefu, kavu, wavuvi na samaki wa kukaanga mwisho wa safari, na joto la kuheshimu. Kwenye mlima kuna njia ya Kilema, ambayo hifadhi ya Kilimanjaro imeiruhusu kwa baiskeli hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Hiyo inataka kibali, waongozaji, siku kadhaa na pesa, na hewa ya huko juu haijali una gia ngapi. Kabla ya kuilipia, panda kutoka Tengeru hadi Nkoaranga bila kushuka kwenye siti. Ukishindwa, Horombo inaweza kusubiri hadi Juni nyingine.